Sukari, Wanga na Mabua: Maelezo kwa Wakulima wa Babati

Karatasi hii yaeleza jambo moja ambalo kila mkulima wa Babati huliona shambani mwake mwaka hata mwaka, lakini pengine hajapata kuelezwa sababu yake. Mmea wa mhindi ni mmoja. Hindi likiwa bichi ni tamu. Likikauka utamu hupotea na mahali pake huja unga. Na bua lake halimshibishi mtu hata akilitafuna kutwa, ingawa ng'ombe hulila na kupata maziwa. Utamu, unga na ugumu wa bua, vyote vitatu vimejengwa kwa kitu kimoja. Ajuaye namna kitu hicho kinavyofungwa na kufunguliwa atajua kwa nini muwa haungoji ukiisha kukatwa, kwa nini ng'ombe huweza kufa kwa kula nafaka, na, lililo kubwa kuliko yote, namna ya kumpikia mtoto mdogo uji utakaomkuza.

1. PINGILI MOJA

Jani la kijani huvuta hewa ya kabonidioksidi, na mizizi huleta maji. Kwa nguvu ya jua jani huviunganisha vitu hivyo viwili na kufanya sukari iitwayo glukosi. Kila molekuli ya glukosi ina atomi 6 za kaboni, 12 za hidrojeni na 6 za oksijeni. Nguvu ya jua hubaki imefungwa ndani yake, nayo ndiyo nguvu aipatayo mtu au mnyama alapo chakula.

Glukosi moja ni ndogo mno, haionekani kwa jicho. Ili tupate kuielewa, na tuifananishe na pingili moja ya muwa. Pingili huungana na pingili nyingine kwa kifundo. Zikiungana mbili, tunapata sukari ya pingili mbili, ambayo wataalamu huiita daisakaridi. Zikiungana mamia au maelfu, tunapata kitu kirefu kiitwacho polisakaridi. Wanga wa nafaka ni wa namna hiyo, na selulosi ya bua vile vile.

Yapo mambo mawili ya kushika. La kwanza, kila kifundo kifungwapo, molekuli moja ya maji hutoka. Na kila kifundo kifunguliwapo, molekuli moja ya maji huingia. Ndiyo sababu kilo 100 za wanga mkavu zikifunguliwa zote hutoa kilo 111 za glukosi: kilo 11 zilizozidi ni maji yaliyoingia katika vifundo. La pili, ulimi huonja utamu wa pingili moja moja au mbili mbili, lakini hauonji utamu wa pingili elfu zilizofungwa pamoja. Kwa hiyo hindi bichi, ambalo sukari yake haijafungwa bado kuwa wanga, ni tamu, na hindi kavu si tamu.

2. PINGILI MBILI: MUWA, ASALI NA MAZIWA

Sukari tuitiayo katika chai ni sukrosi. Ina pingili mbili: moja ni glukosi, ya pili ni fruktosi, ambayo ina atomi zile zile za glukosi ila zimepangwa kwa namna nyingine. Sukrosi ndiyo inayotafutwa katika miwa, kama ile ilimwayo katika bonde la Kiru.

Muwa ukiisha kukatwa haufi mara moja. Ndani yake mna vimeng'enya, yaani vitu vya asili vifanyavyo kazi ya kufunga na kufungua vifundo, na penye jeraha la panga huingia vijidudu. Hivyo vyote huanza kuivunja sukrosi. Glukosi na fruktosi zilizovunjika haziwezi kugandishwa kiwandani kuwa sukari nyeupe, tena huizuia ile sukrosi iliyosalia isigande vizuri. Jua likiwa kali, hasara huongezeka. Basi mwenye miwa asikate mpaka awe na hakika ya gari la kuichukua, na iliyokatwa isagwe siku ile au siku ya pili yake. Alazaye miwa shambani siku nne au tano huuza kuni, wala si sukari.

Nyuki hufanya kwa makusudi jambo lile lile ambalo kiwanda hulichukia. Katika maji matamu ya maua mna sukrosi nyingi. Nyuki huyachanganya na kimeng'enya cha mwilini mwake, kikafungua kifundo, kisha huyapunguza maji kwa kupepea mbawa. Ndiyo sababu asali iliyoiva huwa na sukrosi kidogo tu, na glukosi na fruktosi kwa wingi. Asali ikiganda katika chupa, kinachoganda ni glukosi. Watu wengi hudhani asali hiyo imetiwa sukari ya dukani, na sivyo. Iweke chupa katika maji ya uvuguvugu nayo itayeyuka. Lakini asali iliyorinwa kabla ya nyuki kuziba masega huwa na maji mengi, nayo huchacha.

Sukari ya maziwa ni laktosi, yaani glukosi iliyofungwa na pingili nyingine iitwayo galaktosi. Kila mtoto mchanga huzaliwa na kimeng'enya cha kuifungua, kiitwacho laktasi. Watu wengi wa dunia hupungukiwa na kimeng'enya hicho wakiisha kukua, na wanywapo maziwa mabichi mengi tumbo hujaa hewa na kuhara. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake, waliopima watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, walitangaza kwamba miongoni mwa jamii za Afrika Mashariki zilizofuga ng'ombe kwa vizazi vingi yako mabadiliko ya kurithi yanayokifanya kimeng'enya hicho kidumu hata uzeeni. Asiyeweza maziwa mabichi ajaribu mtindi, kwa kuwa vijidudu vinavyogandisha maziwa vimekwisha kutumia sehemu ya laktosi.

3. PINGILI NYINGI: KWA NINI UNGA HULIWA NA BUA HALILIWI

Wanga wa mahindi na selulosi ya bua vyote viwili ni glukosi tupu. Tofauti iko katika vifundo tu.

Katika wanga pingili zote zimeelekea upande mmoja. Kwa sababu hiyo mnyororo wake hujipinda kama kamba iliyosokotwa, na nafasi hubaki ambamo maji na vimeng'enya huweza kupita. Wanga una sehemu mbili: amilosi, ambayo ni mnyororo usio na matawi au wenye machache sana, na amilopektini, yenye matawi mengi kama mti. Katika mahindi ya kawaida amilopektini ni kama robo tatu ya wanga wote. Mate ya mtu, na maji ya kongosho yaingiayo katika utumbo, yana kimeng'enya kiitwacho amilasi kinachoufungua wanga. Jaribu kutafuna kipande cha kiazi kilichochemshwa muda mrefu bila kukimeza. Baada ya kitambo utaonja utamu kidogo. Utamu huo ni maltosi, yaani pingili mbili za glukosi zilizokatwa katika mnyororo.

Katika selulosi kila pingili ya pili imepinduliwa. Badiliko ni dogo, lakini matokeo yake ni makubwa. Mnyororo haujipindi tena; hunyooka kama fito, na fito nyingi hulala sambamba zikashikana mpaka maji hayapiti. Ndiyo inayosimamisha bua, mti na nyuzi za pamba. Mwanadamu hana kimeng'enya hata kimoja cha kufungua kifundo hicho. Selulosi ya mboga na pumba humsaidia kupata choo vizuri, lakini haimpi nguvu.

Atakaye kuona wanga kwa macho yake na achukue dawa ya iodini ya kupaka jeraha, adondoshe tone moja juu ya unga au kipande cha kiazi kibichi. Rangi itageuka kuwa buluu iliyokaribia weusi, kwa sababu iodini hunaswa ndani ya mnyororo uliojipinda. Juu ya sukari safi rangi haigeuki. Kilichojaribiwa kitupwe, kisiliwe.

4. KIMEA

Mbegu huwekewa wanga na mama yake kama akiba ya safari. Lakini mche mchanga hauwezi kula minyororo mirefu. Kwa hiyo mbegu ikipata maji hufanya amilasi nyingi, ikaanza kuikata akiba yake kuwa sukari. Wapishi wa pombe wa nchi yetu walilijua jambo hilo tangu zamani: huotesha ulezi au mtama, hukausha, husaga, na unga wake ndio kimea. Hali kadhalika togwa, kinywaji kijulikanacho sana katika nyanda za juu za kusini, huwa tamu bila sukari ya dukani kwa sababu kimea kimeufungua wanga wa uji kuwa maltosi.

Huko Ufaransa, mwaka 1833, Anselme Payen na Jean-François Persoz walitoa katika kimea cha shayiri kile kitu kinachofungua wanga. Kilikuwa kimeng'enya cha kwanza kupata kutengwa na wataalamu. Miaka mitano baadaye, mwaka 1838, Payen huyo huyo alieleza habari za selulosi.

5. UJI WA MTOTO

Hapa ndipo elimu hii inapogusa uhai wa watu.

Unga wa mahindi ukipikwa, chembe za wanga hunywa maji na kuvimba zikifika joto la kama nyuzi 62 hadi 72 za sentigredi. Chembe zilizovimba husongamana, na uji huwa mzito. Gramu 10 hivi za unga katika gramu 100 za uji zatosha kuufanya uji usiteremke vizuri katika koo la mtoto. Mama akiona hivyo huongeza maji. Mtoto hujaa tumbo, huacha kulia, na mama huridhika. Kumbe alichokunywa ni maji zaidi kuliko chakula.

Tuhesabu. Gramu 100 za unga zina kalori 350 hivi. Gramu 100 za uji wenye unga gramu 10 zina kalori 35. Tumbo la mtoto hupokea kama gramu 30 kwa kila kilo ya uzito wake, basi mtoto wa kilo 8 hupokea gramu 240 kwa mlo mmoja, yaani kalori 84. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mtoto wa miezi 9 hadi 11 anyonyaye vizuri ahitaji kalori 300 kwa siku kutoka katika chakula kingine. Kwa uji huo ingempasa ale milo mitatu na nusu, kila mara tumbo likijaa kabisa, na uji uliozimuliwa zaidi ungetaka milo mingi kuliko hiyo. Mama aendaye shamba asubuhi na kurudi jioni hawezi kupika mara zote hizo.

Sasa tufanye uji wenye unga gramu 20 katika gramu 100. Utakuwa mzito kama ugali laini. Lakini ukitiwa kimea kidogo, amilasi huikata minyororo mirefu, na katika dakika chache uji hulegea mpaka hunyweka, bila kuongezwa tone la maji. Unga wote umo ndani yake bado. Mlo mmoja sasa una kalori 168, na milo miwili yatosha kwa siku.

Njia hii imejaribiwa hapa hapa Tanzania. Mwaka 1983 wataalamu Mosha na Svanberg walichapisha habari za uji wa watoto uliolegezwa kwa unga wa nafaka iliyooteshwa.

Namna ya kutengeneza kimea:

(a) Chagua ulezi safi usio na ukungu. Uoshe, uloweke usiku mmoja katika maji safi.
(b) Mwaga maji, ufunike kwa kitambaa safi chenye unyevu, uweke mahali pa kivuli siku mbili au tatu. Unyunyizie maji kidogo ukikauka.
(c) Machipukizi yakitokea, anika juani juu ya mkeka au turubai, si juu ya udongo, mpaka ukauke kabisa.
(d) Sugua kwa mikono, upepete machipukizi na vijizizi vyote, kisha saga. Tunza katika chombo kikavu chenye kifuniko.

Namna ya kukitumia: Pika uji mzito mpaka uive. Epua, uache upoe kidogo, uwe moto lakini usichemke, kwa maana moto wa kuchemka huua kimeng'enya. Tia kijiko kimoja cha chai cha kimea kwa kila kikombe cha uji, koroga, ngoja dakika kama tano. Ukiisha kulegea, urudishe motoni uchemke tena, ili vijidudu vilivyomo katika kimea vife. Kisha mpe mtoto ukiwa vuguvugu.

Kimea hakiongezi chakula kisichokuwamo. Uji wa mahindi peke yake hautoshi kumkuza mtoto. Uongezewe karanga zilizosagwa, maharage, maziwa au yai. Wala mtoto asiyetimiza miezi sita asipewe uji wowote. Maziwa ya mama yamtosha.

6. HATARI MBILI

Hatari ya kwanza ni ya mtama. Machipukizi ya mtama yana kitu kinachotoa sumu kali ya sianidi. Atumiaye mtama kwa kimea hana budi kuondoa machipukizi na vijizizi vyote, kukausha sana, na kuchemsha uji tena. Kwa watoto ni heri kutumia ulezi.

Hatari ya pili ni ukungu. Ukungu nao una vimeng'enya vya kufungua wanga. Ukipata unyevu hula nafaka kama sisi tuilavyo. Aina nyingine za ukungu huacha sumu iitwayo aflatoksini, ambayo haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumu hiyo na 20 kati yao wakafa. Mkoa huo wa Manyara ndio ambao Babati ni makao yake makuu. Basi jambo hili si la mbali.

Mahindi yakaushwe mpaka unyevu wake usizidi sehemu 13 katika 100. Asiye na kipimo na achukue chupa ya kioo iliyo kavu, atie mahindi na chumvi kavu kidogo, afunge, atikise dakika chache, kisha aiache itulie. Chumvi ikishika pembeni mwa chupa, mahindi bado ni mabichi, yaanikwe tena. Nafaka yenye ukungu isitiwe katika kimea, wala pombe, wala chakula cha ng'ombe.

7. MABUA NA NG'OMBE

Ng'ombe naye hana kimeng'enya cha selulosi. Lakini katika tumbo lake la kwanza wamo vijidudu wasiohesabika wanaokifungua kifundo kile kisichofunguka kwetu. Vijidudu huigeuza selulosi kuwa asidi nyepesi, na ng'ombe huishi kwa hizo. Kwa kweli mfugaji halishi ng'ombe kwanza. Hulisha vijidudu, nao humlisha ng'ombe.

Vijidudu hao wahitaji naitrojeni, na mabua makavu hayana ya kutosha. Hapa Babati wakulima wengi hupanda mbaazi pamoja na mahindi. Majani na maganda ya mbaazi yana naitrojeni, basi yakichanganywa na mabua, ng'ombe hupata faida ya vyote viwili. Tena mabua yakaapo juani muda mrefu majani yake hupukutika, na shina gumu ndilo libakialo. Yakatwe mara baada ya mavuno, yawekwe chini ya paa, na yakatwekatwe vipande vifupi kabla ya kulishwa.

Lakini jihadhari na wanga. Ng'ombe aliyezoea majani akivunja ghala na kula mahindi au unga mwingi kwa ghafula, vijidudu huufungua wanga upesi mno. Tumbo hujaa asidi kali, na mnyama huweza kufa kwa siku moja au mbili. Pumba na nafaka ziongezwe kidogo kidogo kwa siku nyingi, na ghala lifungwe.

8. MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Sukari, wanga na selulosi hujengwa kwa pingili zinazofanana. Kazi hutegemea vifundo.
2. Muwa uliokatwa usagwe siku ile au ya pili yake.
3. Asali iliyoganda si asali mbovu.
4. Nafaka isiyokauka huliwa na ukungu kwanza, na sumu yake haipikiki.
5. Mabua yachanganywe na mbaazi. Nafaka kwa ng'ombe iongezwe polepole.
6. Uji wa mtoto usizimuliwe kwa maji. Uufanye mzito, uulegeze kwa kimea, uuchemshe tena.

Mkulima atakaye kuona kazi ya kimea kwa macho yake apike uji mzito katika sufuria moja, augawe katika bakuli mbili, atie kimea katika moja tu, na awaite jirani watazame. Bakuli moja itabaki nzito, ya pili itamiminika, na unga uliomo ni ule ule.